Kisukari na vipokezi vya kinga katika neva za utumbo

Muulizaji: Shikamooni wakubwa. Mama yangu ameishi na kisukari aina ya pili kwa miaka 14. Siku hizi hukaa siku nne bila kupata choo, kisha huharisha usiku kucha, na ugali alioula mchana, ikifika jioni husema bado “umekaa palepale”. Daktari ametueleza kuwa neva za tumbo zimeathirika, lakini nimesoma pia kwamba neva hizo zina vipokezi vya kinga. Neva na kinga zinakutania wapi?

Mwalimu wa fiziolojia: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Katikati ya tabaka mbili za misuli ya utumbo umetandazwa mtandao wa neva unaoamua lini misuli ikaze na lini ilegee. Baadhi ya seli za neva hizo zina kipokezi, yaani protini ya kunasa ishara, kiitwacho TLR4, kile kile ambacho seli za kinga hukitumia kutambua lipopolisakaridi, kemikali ya mafuta na sukari iliyo kwenye ganda la bakteria wengi wa utumboni. Kipokezi hiki si adui, kwani panya waliozaliwa bila TLR4 huwa na upungufu wa seli zinazotoa nitriki oksidi, ile gesi inayolegeza misuli, na utumbo wao husukuma chakula polepole. Shida ni kukichokoza mfululizo: katika kisukari ukuta wa utumbo huweza kuvuja, lipopolisakaridi ikapenya kupita kiasi, na seli hizo hizo za kulegeza misuli zikadhurika.

Mtafiti: Naomba kuongeza, Mwalimu. Mengi ya haya yametokana na panya waliodungwa streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na hali hiyo inafanana zaidi na kisukari aina ya kwanza kuliko cha mama huyu. Tena utumbo hauathiriki sawasawa kutoka juu hadi chini. Mimi nisingeibebesha TLR4 lawama yote, maana sukari ikiwa juu kwa miaka hudhuru neva zenyewe, pamoja na mishipa midogo inayozilisha.

Muuguzi: Ndugu muulizaji, je, mama anatumia metformini, ile dawa ya kushusha sukari? Nayo huharisha baadhi ya watu. Na kama anajidunga insulini, chakula kikichelewa tumboni sukari inaweza kushuka kabla hakijafyonzwa, kwa hiyo mweleze daktari habari ya ugali, na mkiona jasho la ghafla pimeni sukari papo hapo.

Muulizaji: Anatumia zote mbili. Juzi saa nane usiku nilikuta khanga yake imelowa chapachapa, nikadhani ni joto. Kesho asubuhi tunarudi kliniki.