Tupeane uzoefu: Kuhifadhi na kusawazisha picha zetu kati ya wingu na kompyuta za nyumbani

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, nafungua uzi huu baada ya kupoteza picha za miezi saba kwa mkono wangu mwenyewe, na ningependa tusimuliane yaliyotukuta ili anayekuja nyuma asijikwae palepale. Simu yangu ilikuwa imejaa. Niliingia kwenye programu ya picha, nikachagua zote za kipindi hicho, nikazifuta, nikiwa na hakika kwamba zimo kwenye wingu, yaani kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kwamba folda ya kompyuta yangu ya nyumbani, iliyounganishwa na akaunti hiyohiyo, inazo pia. Sikuelewa kuwa nilichokuwa nacho ni usawazishaji tu, na kazi ya usawazishaji ni kuhakikisha kwamba kila mahali panafanana. Basi nilipofuta kwenye simu, wingu likafuta, na kompyuta nayo, ilipowashwa jioni, ikafuta kwa utiifu uleule. Tupio lipo, ni kweli, lakini lina muda wake: kwenye iCloud, wingu la Apple, picha zilizofutwa hukaa kwa siku 30 hivi, na kwenye Google Photos zile zilizokwisha kuhifadhiwa nakala hukaa siku 60. Mimi niligundua msiba wangu mwezi wa nne tangu nizifute, nilipokuwa natafuta picha moja ya mama.

Naomba kila mwenye uzoefu aeleze mpangilio anaoutumia, mahali ulipomwangusha, na jinsi alivyourekebisha. Matangazo ya biashara tuyaweke kando.

Mchangiaji wa pili

Pole sana, ndugu. Kosa hilo ni la wengi, na sehemu ya lawama nazipa programu zenyewe, kwa sababu nyingi huweka amri mbili zinazofanana kwa sura: moja hufuta picha kila mahali, na nyingine huondoa nakala iliyomo ndani ya simu peke yake, baada ya kuthibitisha kwamba picha halisi imekwisha kupakiwa. Wewe ulihitaji ya pili ukabonyeza ya kwanza.

Kwangu, simu hupeleka picha kwenye kompyuta ya mezani kwa programu ya Syncthing, ambayo haina wingu katikati, kwani vifaa huwasiliana vyenyewe kwa vyenyewe. Upande wa kompyuta nimewasha utunzaji wa matoleo, hivyo picha inayofutwa kwenye simu huhamishiwa kwenye folda ya pembeni badala ya kutoweka. Kila Jumapili folda nzima hunakiliwa kwenye diski ya nje, kisha diski huchomolewa, maana diski iliyochomekwa muda wote hupatwa na kila kinachoipata kompyuta, iwe ni kirusi kinachofunga faili kwa kudai fidia au ni hitilafu ya umeme. Wingu nimelibakiza liwe nakala ya tatu. Mpangilio huu si ubunifu wangu. Ni kanuni inayojulikana kama 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh, inayotaka nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba.

Mchangiaji wa tatu

Kisa changu ni cha kuhama. Watu wengi walianza kuhesabu gigabaiti zao baada ya tarehe 1 Juni 2021, Google Photos ilipoacha kupokea picha za ubora uliopunguzwa bila kikomo, ikaanza kuzihesabu ndani ya zile gigabaiti 15 za bure ambazo mtu huzigawanya kati ya picha, barua pepe na Drive, hifadhi yake ya faili. Flickr, huduma nyingine ya picha, ilikuwa imetangulia mwaka 2019 kuwawekea watumiaji wa bure kikomo cha picha 1,000. Mimi nilikuwa kwenye huduma nyingine kabisa, lakini kuona hayo kulinitosha. Nikaamua kuzirudisha picha zangu nyumbani mwenyewe kabla ya kuambiwa nifungashe virago.

Huduma ilinipa kumbukumbu yangu yote katika faili za zipu zipatazo thelathini, kwa kiungo cha kupakulia kilichodumu siku chache, nami muunganisho wangu ukakatika mara mbili katikati ya kazi. Hilo lilivumilika. Kilichonitoa jasho ni kwamba nilipozifungua kwenye kompyuta, picha za miaka kumi na mmoja zilijipanga kana kwamba zote zilipigwa siku moja, yaani siku niliyozipakua. Ilinichukua muda kuelewa sababu. Picha inayotoka kwenye kamera hubeba ndani yake taarifa za Exif, ambazo ni pamoja na tarehe, aina ya kamera, na pengine mahali ilipopigwa; faili yenyewe nayo ina tarehe yake nyingine inayowekwa na kompyuta, na programu niliyoitumia kutazama ilikuwa inafuata hii ya pili. Kwa picha za kamera, basi, dawa ilikuwa kutumia programu inayosoma Exif, na zikarudi mahali pake dakika hiyohiyo.

Lakini si picha zote zilizokuwa nayo. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida huvuliwa taarifa hizo njiani, na picha za zamani za karatasi nilizokuwa nimezipitisha kwenye skana, kisha nikaziwekea tarehe kwa mkono ndani ya huduma, zilikuwa na tarehe hizo katika faili ndogo za maandishi, za aina ya JSON, zilizokuja zimeambatana nazo. Nilikaribia kuzifuta faili hizo nikidhani ni takataka! Mwishoni nilitumia programu ya bure iitwayo ExifTool, ambayo inaweza kuchukua tarehe kutoka kwenye JSON ikaiandika ndani ya picha, na kwa zile za WhatsApp ikaitoa kwenye jina la faili, kwa kuwa kwenye simu za Android jina kama IMG-20190314-WA0007 lina mwaka, mwezi na siku. Kazi ilinila wikendi tatu, na ya kwanza niliipoteza kwa sababu nilifanyia majaribio picha zenyewe badala ya nakala.

Mchangiaji wa nne

Mimi nilidanganywa na macho. Kompyuta yangu ilikuwa inaonyesha maktaba nzima ya picha, kuanzia ya kwanza hadi ya jana, nikainakili yote kwenye diski ya nje na kulala usingizi wa amani. Baada ya wiki mbili nikajiuliza kwa nini maktaba ambayo wingu linasema ina gigabaiti zaidi ya 300 imeingia kwenye diski ikiwa na gigabaiti 28. Kumbe nilikuwa nimewasha mpangilio wa kuokoa nafasi, ambao huacha kwenye kompyuta picha ndogo za kutazama tu, na picha halisi hubaki wingu mpaka utakapoifungua. Ningefunga akaunti mwezi ule, kama nilivyokusudia, ningebaki na vijipicha.

Nilibadili mpangilio ili kompyuta ipakue na kutunza picha halisi zote, nikasubiri siku kadhaa, ndipo nikanakili upya. Tangu hapo siamini ninachokiona kwenye skrini. Nalinganisha ukubwa na idadi ya faili pande zote mbili.

Mchangiaji wa tano

Nisameheni nikienda kinyume cha mkondo. Wingu nimeachana nalo. Nina gigabaiti 200 za picha na video, na kasi yangu ya kupakia ni megabiti 5 kwa sekunde. Ukipiga hesabu unapata takriban saa 89, yaani karibu siku nne mchana na usiku bila kukatika hata mara moja. Kwa simu ni vibaya zaidi, kwa sababu skrini ikizimika, mfumo huipunguzia programu nafasi ya kufanya kazi, na asubuhi unakuta zimepanda picha arobaini. Nina diski moja kubwa, inanitosha.

Mchangiaji wa pili

Hesabu yako ni sahihi, mkuu, ila mzigo huo hubebwa mara moja tu, na baada ya hapo zinapanda mpya peke yake. Neno linalonitia hofu katika maelezo yako ni "moja". Kama wingu hulitaki, nunua diski ya pili, ikae kwa ndugu unayemwamini, mkitembeleana mbadilishane. Hiyo nayo ni nakala ya nje ya nyumba. Uifunge kwa nenosiri kabla haijatoka mlangoni.

Mchangiaji wa sita

Naongeza dogo la kiufundi. iPhone zimekuwa zikihifadhi picha katika muundo wa HEIC tangu mfumo wa iOS 11 wa mwaka 2017, na kompyuta za zamani hazifungui faili hizo. Nilishawishika kuzigeuza zote kuwa JPEG, muundo wa kawaida wa picha, na kufuta za awali, jambo ninalolijutia, kwa sababu kila ugeuzaji wa namna hiyo hupunguza kitu. Bora kutunza za awali na kuweka programu ya kuzifungulia. Zile picha zinazotikisika kidogo ukizishika, fahamuni kwamba kwenye kompyuta ni faili mbili, picha na kipande cha video. Ukibadili jina la moja bila mwenzake, umewaachanisha.

Mchangiaji wa saba

Tumezungumzia mashine, sasa nizungumzie mwenye akaunti. Baba yetu alipofariki, picha zake zote zilikuwa kwenye akaunti ambayo hakuna kati yetu aliyejua nenosiri lake, na namba ya simu iliyokuwa ikipokea misimbo ya uthibitisho ilikuwa imekwisha kufungwa kabla hatujafikiria. Tuliandikiana na huduma ile kwa miezi, tukaambulia ombi la nyaraka zaidi. Picha hatukuzipata.

Nilipotulia ndipo nikagundua kwamba njia zipo, ila lazima mwenyewe azitengeneze akiwa hai. Google ina mpangilio wa akaunti zisizotumika tangu mwaka 2013, unaokuruhusu kumtaja mtu atakayepewa data zako ukiwa kimya kwa muda unaouchagua, na Apple iliongeza mrithi wa akaunti mwishoni mwa mwaka 2021. Linaloongeza uzito ni kwamba Google inaweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka miwili pamoja na vilivyomo. Kwangu mimi, mke wangu ametajwa pande zote mbili, na nenosiri la diski liko kwenye karatasi ndani ya bahasha anayoijua yeye.

Mwanzisha mada

Nawashukuru nyote, na nimeona nirudi na matokeo badala ya shukrani tupu. Nimefuata ushauri wa mchangiaji wa pili karibu neno kwa neno, isipokuwa nakala ya nje nimeiacha wingu, katika akaunti ambayo simu yangu haina ruhusa ya kufuta chochote ndani yake. Kisha nikafuata wa nne, nikahesabu. Kompyuta ilikuwa na faili 18,406, na diski ya nje 18,401.

Tano zilizopungua zilinikosesha usiku mmoja. Nilipozipanga faili kwa ukubwa zikajitokeza: zote zilikuwa video ndefu, kila moja ikiwa na zaidi ya gigabaiti 4, na diski ilikuwa imeumbizwa (yaani imeandaliwa kupokea faili) kwa mfumo wa zamani wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja inayofikia ukubwa huo. Programu ya kunakili ilikuwa imeandika onyo katika orodha ambayo sikuwahi kuifungua. Nimeiumbiza upya kwa mfumo wa exFAT, unaobeba faili kubwa, kazi inayofuta kila kilichomo, kwa hiyo nilisubiri kwanza hadi nakala ya wingu ikamilike, kisha nikanakili tena tangu mwanzo. Idadi sasa zinalingana, na diski iko kabatini.

Ile picha ya mama nimeipata kwa dada yangu, ambaye nilikuwa nimemtumia kwa WhatsApp. Imepungua ukubwa na haina Exif, ila jina la faili bado lina tarehe.