Ada ya huduma imeruka kutoka 9,000 hadi 14,700. Nianzie wapi kukagua?

Mama Vitambaa
Habari zenu. Nina duka la vitambaa vya pazia Ngara, Nairobi, futi za mraba 420, mkataba wa miaka mitatu. Mwezi huu wakala wa jengo ameniletea ankara ya ada ya huduma (gharama za pamoja za jengo), shilingi 14,700. Mwaka jana nilikuwa nalipa 9,000. Nikamuuliza, akasema stima imepanda. Stima ya duka langu naijaza mwenyewe kwa tokeni! Kodi sina neno nayo, nalipa. Ila hapa naona naumizwa na sijui nishike wapi.

Karani Mstaafu
Pole mama. Nimeandika ankara za namna hiyo miaka 11 katika ofisi ya wakala. Wengi hukimbilia bei ya stima na mshahara wa askari. Mimi huanza na mgao, yaani fungu lako la gharama za jengo. Mkataba unasema jengo lina futi ngapi za kupangisha? Na jumla ya gharama kwenye ankara ni ngapi?

Mama Vitambaa
Futi 8,400. Jumla ni 210,000. Mwaka jana ilikuwa 180,000.

Karani Mstaafu
Basi fungu lako ni asilimia 5, yaani 10,500. Wamekutoza asilimia 7. Gawanya 420 kwa 6,000 uone, inatoka asilimia 7 kamili. Kuna futi 2,400 zimetolewa kwenye hesabu. Kuna ghorofa tupu hapo? Kama ipo, mnalipia lifti na ulinzi wa vyumba visivyo na mtu, na mzigo huo ni wa mwenye jengo, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine.

Kisha omba mchanganuo wa hizo 210,000 pamoja na risiti. Kufagia, taa za ngazi, maji, kuhudumia lifti, sawa. Ukikuta mota mpya ya lifti, paa jipya au kamisheni ya kutafuta wapangaji, weka alama ya kalamu nyekundu. Hayo ni mali na biashara ya mwenye jengo. Reti za kaunti (kodi ya ardhi) nazo, soma mkataba umempa nani. Na wakikutoza VAT ya asilimia 16, dai ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki.

Viatu Bora
Mama, naomba usisimamishe kodi kwa hasira. Mimi nilisimamisha, dalali akaja asubuhi na lori, wateja wakitazama. Lipa kodi yote na ile 10,500, kisha andika barua kwamba 4,200 unaipinga, ukae na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkataba wa miaka mitatu unalindwa na Sheria Sura ya 301, ile ya wapangaji wa maduka na hoteli: mwenye jengo akitaka kubadilisha masharti yakuumize, lazima akupe notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi, nawe unaweza kwenda BPRT, baraza la kesi za kodi za majengo ya biashara, kabla haijaanza kufanya kazi. Ankara peke yake si notisi.

Mama Vitambaa
Nimetoka kupanda juu sasa hivi. Ghorofa ya tatu yote imefungwa, kufuli zina vumbi, na bango la chuo cha kompyuta kilichohama Februari bado linaning'inia. Keateka anasema hakuna aliyeingia tangu hapo. Barua naiandika usiku huu. Jirani yangu wa duka la dawa na yule wa simu wameleta ankara zao, tumezigawa kwa kikokotoo hapa kaunta: wote wametozwa kwa 6,000. Tutatia sahihi watatu.