Mzee anasafishwa damu, tunaenda harusi Kamachumu: atakula nini njiani na kijijini?

Binti_Mwenge

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliopitia hili, maana kwetu sasa hivi kila ndugu amekuwa daktari.

Baba ana miaka 67, figo zote mbili zimefeli. Anapanda mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hapa Dar. Fistula yake, yaani mshipa wa mkononi uliounganishwa kwa ajili ya mashine, haina tatizo na presha imetulia. Sasa mtoto wa marehemu kaka yake anaoa Jumamosi ya mwisho wa Novemba kijijini kwetu Kamachumu, Muleba, mkoani Kagera, na mzee ndiye anayesimama kama baba wa bwana harusi. Kumwambia abaki Dar, mdomo wa kulisema hilo sina.

Mpango wa kaka zangu ni huu: Jumatano asafishwe, Alhamisi alfajiri tupande basi pale Mbezi, tufike Ijumaa, Jumapili tugeuze, Jumanne asafishwe. Ijumaa na Jumatatu anaruka. Wanasema mara moja moja haina neno, mradi ale vizuri.

Hilo la kula vizuri ndilo linaloninyima usingizi. Mtaalamu wa lishe alitupa karatasi: potasiamu kidogo, fosfeti kidogo (haya ni madini ya kwenye chakula ambayo figo zake hazitoi tena), chumvi kidogo, na vinywaji vyote vya siku visizidi nusu lita ukiijumlishia kiasi cha mkojo anaotoa. Mkojo wenyewe siku hizi haujazi kikombe. Nyumbani nalimudu kwa sababu sufuria ni langu. Njiani je? Na kule kwetu chakula ni ndizi na maharage asubuhi, mchana na jioni, mgeni anapokewa kwa kahawa ya kutafuna, na shangazi yetu mkubwa hajawahi kukubali kwamba duniani kuna ugonjwa unaokataza ndizi. Nimpakie nini, na nikifika niseme nini bila kuonekana mjini kumenifundisha dharau?

Kondakta_Mstaafu

Pole kwa kuuguza, mwanangu. Mimi ni wa mashine kama mzee wako, na kabla ya figo kunigeuka nilikuwa kondakta wa mabasi ya bara. Barabara hiyo nimeila vumbi kabla haijawekwa lami yote.

Kabla hatujagusa chakula, mpango wa kaka zako uchaneni. Jumatano mpaka Jumanne ni siku sita. Sisi wenye ratiba kama ya mzee, ile Ijumaa mpaka Jumatatu peke yake inatulemea, waulize wauguzi hali tunazokuja nazo Jumatatu asubuhi. Maji mtu unayaona, miguu inavimba, pumzi inakuwa fupi ukilala. Potasiamu huioni. Wengine miguu inaishiwa nguvu kwanza, wengine moyo unasimama tu. Hakuna mlo wa kufidia vipindi viwili vilivyorukwa, hata akila wali mkavu siku zote hizo.

Fanyeni hivi. Jumatano asafishwe Dar kama kawaida. Alhamisi nendeni Mwanza, kwa ndege kama mfuko unaruhusu, kwa basi kama hauruhusu. Ijumaa asafishwe Mwanza, pale hospitali ya Bugando huduma ipo, ombeni zamu ya kwanza. Kipindi ni kama saa nne, apumzike, mchana mshike njia ya Geita na Biharamulo mpaka Muleba. Daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, mambo ya kukesha mnasubiri kivuko yamekwisha. Jumamosi harusi. Jumapili mrudi Mwanza, Jumatatu asafishwe, Jumanne nyumbani, na Jumatano yuko kwenye kiti chake cha siku zote. Hapo hajaruka hata kipindi kimoja.

Lakini msitokee getini na mgonjwa mkononi. Kitengo chenu cha Dar kiandike barua mapema, wiki kadhaa kabla, yenye uzito wake mkavu (ule wa maji ya ziada yakishatolewa), muda wa kipindi, dawa anazotumia, na majibu mapya ya homa ya ini B na C pamoja na VVU. Bila majibu hayo hawakuweki kwenye mashine wanayotumia wenzako, na wana haki. Bima nayo iulizwe kabla, siyo dirishani.

Haya, basi na chakula chake. Hoteli za njiani mnasimama dakika chache, watu wanakimbilia chipsi kuku. Chipsi ni viazi, na viazi vimejaa potasiamu. Kuku amelala kwenye chumvi tangu jana yake, mishikaki vilevile. Chumvi ikiingia kiu inafuata, na kiu kwetu ndiyo adui mwenyewe. Akikwama kabisa, aombe wali mweupe bila mchuzi na mayai ya kuchemsha. Mchuzi ndipo nyanya na vile viungo vya paketi vinapojificha.

Kwako pakia mkate mweupe, mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, kuku uliyemchemsha ukamkausha kwa limau na kitunguu saumu bila chumvi, tango, na tofaa mbili tatu. Nanasi kipande linafaa pia. Wali usipakie wa kulala nao kwenye basi, utachacha na ataharisha. Karanga na korosho za dirishani hapana. Mkipita Dodoma atataka zabibu. Mbichi chache sawa, zile zilizokaushwa asiguse. Ndizi mbivu, machungwa, parachichi na pasheni vipite tu.

Maji: mpimie asubuhi kwenye chupa ndogo, hiyo ndiyo ya siku nzima, na chai inatoka humohumo. Supu inahesabiwa, uji unahesabiwa, tikiti linahesabiwa. Mdomo ukikauka anyonye kipande cha limau au asukutue na kutema. Mimi natembea na chupa ya barafu, natafuna vipande. Kinywa kinadanganyika, na barafu ikiyeyuka maji yake ni machache kuliko unavyodhani.

Jambo moja watu wengi wanalisahau: zile dawa za kufunga fosfeti ya chakula isiingie damuni zinamezwa pamoja na chakula. Ukiziweka kwenye begi likaenda buti, basi mmeziacha Dar. Ziwe mfukoni mwa shati lake.

Mti_Dawa

Mnamtisha dada wa watu. Dafu ndilo linalosafisha figo, bibi zetu walijua. Anywe dafu mbili kwa siku njia nzima, hayo mengine ni biashara ya hospitali. Na kama ni chumvi, madukani kuna ile chumvi ya wenye presha, haina madhara.

Kondakta_Mstaafu

Ndugu yangu, mwenye figo nzima akinywa dafu ni burudani, zitachuja na kutoa. Za mzee huyu hazitoi. Kikombe kimoja cha maji ya dafu kina kama miligramu 600 za potasiamu, na wengi wetu tumewekewa mpaka wa 2,000 hivi kwa siku nzima na vyakula vyote ndani yake. Dafu mbili kubwa zinaumaliza mpaka huo, na maji ya siku nayo yamekwisha. Ile chumvi ya wenye presha soma pakiti: nyingi yake ni kloridi ya potasiamu. Yaani umekwepa chatu ukakumbatia mamba. Ushauri mwingine leta, huo kaa nao.

Nesi_wa_Zamu

Nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu. Aliyosema kondakta kuhusu ratiba ni sahihi, na hilo la dafu tunaliona kila msimu wa joto.

Naongeza machache. Mgonjwa wa mashine anahitaji protini zaidi kuliko yule ambaye hajaanza, kwa hiyo dada usimlishe mkate mtupu kwa hofu. Kagera kuna samaki wabichi, sato au sangara achemshwe au abanikwe bila chumvi, kipande cha kiganja. Dagaa wakavu hapana, wanaliwa na mifupa yao na fosfeti iko huko. Ugali wa sembe ni bora kwake kuliko dona, najua tunawafundisha watu wengine kinyume. Mboga kabichi, bilinganya, hoho. Mchicha na matembele vinamzidi.

Ndizi akizitamani, zimenywe, zikatwe vipande vidogo, zichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, zichemshwe tena kwa maji mapya. Potasiamu inaweza kushuka hadi nusu. Haiishi! Kwa hiyo ni vipande viwili vitatu, na siyo pamoja na maharage. Upishi wa kawaida wa maji kidogo yanayokaukia sufuriani haumfai, kila kitu kimebaki mle ndani.

Akilegea miguu, akihisi moyo unaruka au akibanwa pumzi, msisubiri harusi iishe. Hospitali iliyo karibu, na neno la kwanza mlangoni liwe "huyu anasafishwa damu", wampime moyo kwa ECG haraka. Mkono wa fistula usipimwe presha na usibebeshwe begi.

Binti_Mwenge

Asanteni sana, shikamoo kondakta. Nimewasomea kaka zangu, yule mkubwa amenyamaza muda mrefu halafu akauliza nauli ya ndege ya Mwanza. Bado shangazi na kahawa.

Omwana_wa_Katoke

Mdogo wangu, mimi ni Mhaya na nimeuguza mama mkwe kwa ugonjwa huohuo, kwa hiyo nisikilize la jikoni.

Usimwachie baba akatae chakula mezani mbele za watu. Hapo ndipo maneno yanapozaliwa. Mpigie shangazi simu wiki nzima kabla, usimweleze habari za potasiamu, mwambie unahitaji msaada wake: "Shangazi, daktari amempa baba masharti, na wewe ndiye najua utamlinda." Mpe kazi. Mwombe akutengee sufuria moja na jiko moja, na siku ya harusi yeye ndiye asimamie sahani ya mzee. Mtu aliyekuwa anakupinga akipewa cheo cha ulinzi, utamwonea huruma atakayemletea mzee maharage. Mama mkwe wangu aliwahi kupokonywa rubisi, ile pombe ya ndizi, mkononi na dada yake aliyekuwa anasema figo ni mambo ya Wazungu.

Mzee ale shibe yake nyumbani kabla ya kwenda ukumbini. Kule apokee sahani, aonje wali, ashike kipande cha nyama, azungumze na wageni. Baba wa bwana harusi hana hata muda wa kula, hakuna atakayeshangaa.

Kahawa wala isikusumbue. Heshima iko kwenye kuipokea. Achukue kwa mkono, atie moja mdomoni kama moyo unataka, nyingine ziende mfukoni. Sijaona mzee akikaguliwa ametafuna ngapi. Kuhusu ndizi zilizochemshwa mara mbili nakuonya tu mapema: shangazi atauliza nani kaziharibu.

Binti_Mwenge

Nimempigia leo. Kaniuliza kwanza kwa nini nimechelewa kumwambia, sasa ananiagiza nije na sufuria kubwa kwa sababu za kwake zimeshapangiwa pilau. Bugando barua imepokelewa, tunasubiri kuthibitishiwa zamu. Swali la mwisho: Novemba ni msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, na mzee ameanza kuwataja kila jioni.

Nesi_wa_Zamu

Aonje wachache, wakaangwe kwenu bila chumvi, siyo wale wa kufungwa barabarani. Waliwe kwenye mlo mmoja pamoja na dawa yake ya fosfeti, na bakuli liondolewe mezani. Na mkifika Mwanza Jumatatu waambieni wauguzi alikula nini, wasikie kwenu kabla hawajapima damu.

Kondakta_Mstaafu

Na kama atabaki hata mmoja kwenye bakuli hilo, Jumanne basi la kurudi Dar mimi nipo Mbezi.