Mrejesho: ile nyumba ya mwanasesere, kuta za nje zimekubali, paa bado

Jamani nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuiona ile, niliuliza nifanyeje nyumba ya mwanasesere niliyoiunda kwa plaiwudi, skeli ya 1:12 (kila kipimo ni moja ya kumi na mbili ya kile cha nyumba halisi), ionekane ya matofali kwa nje, maana rangi nyekundu tupu ilikuwa inaifanya kama boksi la viatu.

Kati ya ushauri mlionipa, nimefuata ule wa kutengeneza matofali kwa trei za mayai. Nikakata vitofali vya milimita 18 kwa 5 nikabandika kimoja kimoja na gundi nyeupe ya mbao, jioni za wiki 2 nzima vidole vinanata hadi kwenye simu, ila matokeo mmh, watu wanagusa ukuta kuhakikisha. Na aliyesema nichanganye rangi 3 badala ya kupaka moja, ubarikiwe sana, hapo ndo uhai ulipokuja.

Kwenye jointi, yaani nafasi kati ya vitofali, nilipitisha puti nyepesi nikafuta na sponji. Upande mmoja niliuharibu, sponji ilikuwa na maji mengi vitofali vikalowa vikaanza kung'oka, so pakeni vanishi kwanza ikauke kabisa ndo mje na puti.

Paa limenishinda. Nilipaka kadibodi rangi upande wa juu tu, likajikunja kama jani kavu, na kuna mtu alinionya kabisa nipake pande zote mbili nikajifanya mjuaji. Nimelibandua, narudia na vijiti vya aiskrimu.

Asanteni sana wote. Mwenye nyumba, yaani binti yangu, kasema ni nzuri ila kengele ya mlango iko wapi?