Naomba ushauri: Ziwa Ngozi na mama mwenye magoti mabovu

Habari za leo ndugu zangu. Naomba msaada kwa wenyeji wa Mbeya na Rungwe, au yeyote aliyewahi kupanda Ngozi.

Likizo ya Juni nataka kumpeleka mama akalione lile ziwa la kreta. Ana miaka 66, anatembea vizuri tu tambarare, ila mteremko unamtesa magoti. Tutakuwa pia na wanangu wawili, wa miaka 9 na 12. Ninachofahamu ni kwamba unashuka Isongole, barabara ya Mbeya–Tukuyu, unaingia ndani kwa barabara ya vumbi, kisha unapanda kwa miguu msituni mpaka ukingoni, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka pale hadi majini ni mteremko mkali kweli, huo nimeshauondoa kwenye mpango. Mama mwenyewe anasema kuliona kwa juu kunamtosha, mradi apate pa kukaa atulie.

Nimepiga simu nyumba mbili za wageni. Moja wanasema saa moja unafika, nyingine wanasema mawili na utelezi juu.

Sasa naomba kujua: mwezi wa sita njia inakuwa imekauka kiasi cha mtu mwenye fimbo kupanda na kushuka salama, na ukungu huachia saa ngapi? Au nimpeleke Ziwa Kisiba kule Masoko, ambako gari linafika karibu na maji, watoto nao wacheze?

Natanguliza shukrani.