Kujeruhi vibaya: mbona mmoja afungwe miaka 4, mwingine 15?

Mkaazi_Nakuru: Wenzangu mnaojua sheria, kifungu cha 234 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema aliyemjeruhi mtu vibaya anaweza kufungwa maisha. Mbona basi vifungo hutofautiana hivi? Na miezi ya rumande huhesabiwa?

Wakili_Mashinani: Maisha ni kikomo cha juu tu, kifungu cha 26 kinamruhusu hakimu kushuka. Tazama kwanza fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha. Daktari akiandika kwamba jicho limepofuka au uso umebaki na kovu la kudumu, hiyo ni 234. Yakiwa majeraha madogo, shtaka ni 251, ambalo mwisho wake ni miaka 5. Mfupa uliovunjika unaweza kuingia 234 hata ukiunga vizuri, kwa hiyo P3 isijazwe kabla ya picha ya eksirei kutoka.

Hapo ndipo hakimu hupima. Ni panga au ngumi? Alilenga kichwa au mguu? Alivizia, au ugomvi ulizuka ghafla? Aliendelea kupiga mtu akiwa chini? Hilo la mwisho humwongezea mtu miaka, na ni haki kabisa.

Bi_Korti: Mshtakiwa akipewa nafasi ya kuomba apunguziwe, asiseme tu "nina watoto wadogo" akaketi. Alete risiti za hospitali alizomlipia aliyeumia, na aongee ukweli na afisa wa probesheni anayemwandikia hakimu ripoti, maana afisa huyo hufika kijijini kuuliza majirani na jamaa wa mwathiriwa. Kusameheana hakufuti kesi ya 234. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa jinai, kinachohimiza mapatano, kinahusu makosa madogo. Hapa msamaha husaidia kupunguza adhabu tu.

Wakili_Mashinani: Rumande huhesabiwa, kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai. Hakimu ataje tarehe kifungo kinapoanzia, la sivyo gereza litahesabu kuanzia siku ya hukumu. Mfano: miaka 6 ni miezi 72. Mwenye mwenendo mwema hupunguziwa theluthi, inabaki 48. Kama alikaa rumande miezi 14, itoe, anabakiwa na 34.

Rufaa ni ndani ya siku 14. Aliyekiri kosa hukata rufaa juu ya adhabu pekee. Na ajue kwamba Mahakama Kuu inaweza pia kuiongeza.