Mrejesho: macho makavu na kope zinazobabuka

Wapendwa, niliomba ushauri kuhusu macho yanayochoma kama yameingia mchanga, na ngozi ya kope inayobabuka, hasa kiangazi hiki cha Tabora chenye vumbi na upepo. Asanteni mno kwa majibu.

Daktari wa macho alinionyesha kwenye kioo: magamba madogo yameganda kwenye mashina ya nywele za kope. Kumbe vitundu vya mafuta pembezoni mwa kope vimeziba, na bila mafuta hayo machozi hukauka upesi. Ndiyo maana jicho kavu hilohilo linaweza kutiririka machozi barabarani! Sasa kila jioni naweka kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, kikipoa nachovya tena, kisha nakanda kope taratibu. Ngozi naipaka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kidogo tu.

Ndugu uliyenishauri matone ya macho yenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe), najua ulinitakia mema, ila tafadhali usimshauri mtu ambaye hajapimwa. Yanaweza kupandisha presha ya jicho.

Kubabuka kumeisha. Ukavu bado upo, lakini jioni sasa naweza kusoma.